PAKA WANNE, NYOTA MOJA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo naomba mnivumilie, andiko ni refu. Aliye dukani auze kwanza, atamalizia baada ya Isha. Lakini naomba lisomwe lote, kwa sababu linaanza na paka na linaishia kwa binadamu.

Wiki tatu zilizopita, baada ya darasa la Maghrib, watoto walitoka mbio kutafuta viatu vyao kama kawaida yao. Akabaki binti mmoja wa miaka 11, amekumbatia juzuu yake kifuani, hatoki. Nikamuuliza, mwanangu, kulikoni? Akasema:

"Ustadhi, paka wetu ni Nge. Mama amesema kesho anatiwa kwenye kiroba akatupwe bondeni."

Sikumwelewa. Nikamuuliza, paka ameumwa na nge?

"Hapana, Ustadhi. Nyota yake ndiyo Nge. Kaka ameangalia kwenye simu. Imeandikwa paka mwenye nyota ya Nge ana kisirani, analipiza kisasi, na hafai kukaa kwenye nyumba yenye watoto. Na kweli jana amemng'ata mdogo wangu."

Ndugu zangu, siku nyingine ningecheka. Hii habari ya nyota za paka na mbwa vijana wanatumiana kwenye simu kila siku: paka wa Simba anajiona mfalme, mbwa wa Mizani hapendi ugomvi, paka wa Samaki ana ndoto nyingi. Wanyama tumewapandisha mbinguni tukaita nyota, sasa tunawashusha tena tuwagawie wanyama wenzao! Mbuzi mwenye nyota ya Samaki, paka mwenye nyota ya Punda. Inachekesha.

Lakini sikucheka. Huko mbele nitawaeleza kwa nini.

NAMJUA PAKA HUYO TANGU AZALIWE

Allah alitaka iwe hivyo, paka anayesemwa ninamjua. Mama yake alizalia kwenye stoo ya majamvi ya msikiti wetu hapa Shinyanga, wiki ya pili ya Novemba, mwaka juzi. Nakumbuka kwa sababu mvua zilikuwa zimeanza na tulikuwa tunahamisha majamvi yasiloe, tukawakuta watoto wanne ndani ya boksi, macho bado yamefumba. Kwa hesabu ya wanajimu, kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi kama tarehe 22 Novemba ni Nge. Kwa hiyo kaka mtu hakukosea hesabu. Paka ni "Nge". Na ndugu zake watatu nao ni "Nge", maana wamezaliwa stoo moja, usiku mmoja, mama mmoja.

Sasa tuwaangalie hao Nge wanne.

Wa kwanza alibaki msikitini. Anakula dagaa wa wazee, analala kwenye kabati la viatu. Mtoto akimvuta mkia anahama tu, anakwenda kulala pengine. Sijawahi kumwona akitoa kucha kwa mtu.

Wa pili alichukuliwa na jirani anayeuza mkaa. Huyo haguswi. Ukimwita anakimbia, lakini usiku hakuna panya anayevuka gunia. Alipelekwa pale akiwa mkubwa kidogo, hakuwa amezoea mikono ya watu.

Wa tatu ndiye huyo wa binti, anayeng'ata.

Wa nne alipelekwa machimboni upande wa Geita. Habari yake nitaieleza mwisho.

Nakuuliza wewe msomaji: nyota ni moja, mbona tabia ni nne? Kama nyota ndiyo inayopika tabia, chungu kimoja kimetoaje mboga nne?

Wataalamu wa wanyama wanaeleza jambo hili bila kupanda mbinguni. Wanasema paka mdogo akishikwa na kuchezewa kwa upole kati ya wiki ya 2 na ya 7 ya maisha yake, huwa mwepesi kuzoea watu. Akizikosa wiki hizo, mara nyingi huwa mwoga wa watu. Wanasema pia watoto wa uzao mmoja wanaweza kuwa na baba tofauti, kila mmoja akarithi damu yake. Ongeza chakula anachopewa, ongeza mikono inayomshika, ongeza maumivu aliyo nayo. Hapo ndipo tabia inapotoka, baada ya qadari ya Aliyemuumba.

KILICHOTOKEA HUDAYBIYA

Sasa twende kwenye dini yetu, maana sisi hatuongozwi na rai tu. Nitawapeleka mahali pamoja, Hudaybiya, mwaka wa 6 wa Hijra. Pale yalitokea mambo mawili ambayo ukiyaweka pamoja, suala hili linakwisha.

La kwanza. Mtume (s.a.w.) alikuwa amepanda ngamia wake, Qaswa, wakielekea Makka kwa ajili ya Umra. Njiani Qaswa akapiga magoti. Watu wakamhimiza, hakunyanyuka. Wakaanza kusema Qaswa amekuwa mkaidi. Yaani walimpa tabia mbaya kwa tendo moja. Mtume (s.a.w.) akamtetea mnyama. Akawaambia kwamba Qaswa hajawa mkaidi, wala hiyo siyo tabia yake, bali amezuiwa na Yule aliyemzuia tembo asiingie Makka. Imo katika Sahihi ya Bukhari.

Zingatia neno hilo, ndugu yangu: siyo tabia yake. Mtume (s.a.w.) alimjua ngamia wake. Alijua mwendo wake, uvumilivu wake, miaka aliyomtumikia. Alipobadilika, hakumhukumu. Alitafuta sababu. Na akatufundisha kwamba hata mnyama ana heshima yake, asizuliwe tabia isiyokuwa yake.

La pili. Wakiwa hapo hapo Hudaybiya, usiku mmoja ilinyesha mvua. Baada ya Swala ya Alfajiri Mtume (s.a.w.) akawageukia Maswahaba na kuwafikishia maneno ya Mola wao: kwamba kumekucha na waja wa aina mbili. Aliyesema tumepata mvua kwa fadhila za Allah na rehema Zake, huyo amemwamini Allah na kuikanusha nyota. Aliyesema tumepata mvua kwa nyota fulani, huyo amemkanusha Allah na kuiamini nyota. Hadithi hii ameipokea Zayd bin Khalid al-Juhani (r.a.), imo kwa Bukhari na Muslim.

Safari moja, mafunzo mawili. Mnyama usimzulie tabia, na nyota usiipe kazi ambayo Allah hakuipa. Anayesema paka wangu ni mkorofi kwa sababu ya Nge amekosea pande zote mbili kwa sentensi moja.

Kazi ya nyota tumeambiwa. Qatada, mwanachuoni mkubwa miongoni mwa Tabiina, alieleza kwamba Qur'an imezitajia nyota mambo matatu: pambo la mbingu, vya kuwapigia mashetani, na alama za kuongoza njia. Anayezitafutia kazi ya nne amejitwika asilolijua. Mchungaji wetu wa Kisukuma akiangalia nyota usiku ajue mashariki iko wapi, huyo hana kosa. Mvuvi wa Ziwa Victoria akijua saa kwa nyota, hana kosa. Kosa ni kuziuliza nani ana kisirani.

Na kama kuna siku mbingu ingeachiwa ihusishwe na mambo ya duniani, ingekuwa siku alipofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (s.a.w.). Jua lilipatwa siku hiyo hiyo. Watu wakasema jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Baba mfiwa angeweza kunyamaza tu, maneno yale yalikuwa yanamtukuza mwanawe. Hakunyamaza. Alisimama na msiba wake akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Allah, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Ikiwa jua halikupatwa kwa ajili ya mtoto wa Mtume, nyota zitajipangaje kwa ajili ya paka wa Shinyanga?

"LAKINI SHEHE, ELIMU YA NYOTA NI YA WAISLAMU"

Najua wapo watakaonijia na hoja hii, na ni hoja ya heshima, nitaijibu kwa heshima.

Watasema majina ya nyota ni ya Kiarabu: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akrabu, Kausi, Jadi, Dalu, Hutu. Watasema kizazi chetu kimekua kikimsikia Sheikh Yahya Hussein, Allah amrehemu, aliyefariki mwaka 2011, mnajimu aliyejulikana Afrika Mashariki nzima, naye alikuwa Mwislamu. Kweli. Mimi mwenyewe nikiwa kijana nilikuwa nasoma kurasa za nyota kwenye magazeti kabla ya kurasa za mpira. Sijitakasi.

Lakini jina la Kiarabu halikifanyi kitu kuwa dini. Hizi buruji 12 za utabiri zilianza Babeli, zikaenda kwa Wayunani, zikafasiriwa kwa Kiarabu baadaye. Wanachuoni wetu wakatenganisha mambo mawili. Kuna falaki ya hesabu: kujua nyakati za swala, kibla, kuandama kwa mwezi. Hiyo ni elimu yenye faida, na Waislamu waliitumikia sana, akina al-Biruni na wenzake. Na kuna tanjimu, yaani kudai nyota inaamua tabia, riziki na mauti. Hiyo Mtume (s.a.w.) aliieleza kuwa ni tawi la uchawi, kama ilivyo katika Sunan ya Abu Dawud. Ibn Khaldun aliandika mlango mzima katika Muqaddima yake kuibatilisha, na Ibn al-Qayyim naye aliijibu kwa urefu.

Na hesabu yenyewe imekwisha kuhama. Mhimili wa dunia unayumba polepole mno, kiasi cha nyuzi 1 kwa kila miaka kama 72. Tangu buruji zilipowekewa tarehe, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, mbingu imesogea karibu buruji moja nzima. Leo gazeti linapokwambia mwisho wa Machi jua limo kwenye Punda, ukipima angani utalikuta limesimama mbele ya Samaki. Kwa hiyo hata nyota wanayomtwika paka siyo iliyokuwa angani siku hiyo.

Mwingine atasema: "Shehe, ni utani tu, tunachangamsha siku." Ndugu yangu, utani una mpaka. Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba anayemwendea mtabiri akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku 40, na imo kwa Muslim. Huyo ni aliyeuliza tu. Sitoi hukumu juu ya mtu aliyecheka na picha ya paka kwenye simu. Ila nakwambia, moyo unazoea. Leo unauliza nyota ya paka kwa kucheka, kesho unauliza nyota ya mchumba kwa wasiwasi, keshokutwa unauliza nani kakuloga.

ALICHOULIZA AFISA MIFUGO

Turudi kwa binti. Usiku ule nilikwenda kwao. Mama yake ni mcha Mungu, si mtu mbaya. Ana mtoto aliyeng'atwa na ana hofu. Nikamwomba anipe hadi asubuhi, nami nikampigia afisa mifugo ninayemfahamu.

Alipofika, nilidhani ataanza na paka. Hakuanza na paka. Aliuliza: "Mtoto aliyeng'atwa amepelekwa hospitali?"

Hakuwa amepelekwa. Jeraha lilifungwa kitambaa. Nyumba nzima ilikuwa imekesha ikizungumza nyota ya paka, na hakuna aliyeosha jeraha la mtoto.

Wallahi nilijionea haya, kwa sababu hata mimi usiku ule sikuuliza.

Alimwambia mama aoshe jeraha hapo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili, kisha mtoto apelekwe hospitali asubuhi hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Ndipo akamgeukia paka. Akamkagua polepole. Nyuma, karibu na mzizi wa mkia, akakuta jipu kubwa limejificha chini ya manyoya, jeraha la kupigana na paka dume. Mdogo wake binti alikuwa na mazoea ya kumbeba kwa kumshika hapo hapo. Akalipasua, akalisafisha, akampa dawa, akasema afungiwe na aangaliwe siku 10, kwa kuwa paka au mbwa aliyeng'ata mtu lazima aangaliwe muda huo kuona kama ana kichaa.

Siku 10 zimepita. Mtoto hajambo, anaendelea na chanjo zake. Paka hajambo. Na tangu jipu lipone, haijasikika kwamba ameng'ata mtu.

Hiyo ndiyo ilikuwa Nge yake, ndugu zangu. Jipu.

Sasa kumbukeni kisa alichokipokea Abdullah bin Jaafar (r.a.), katika Sunan ya Abu Dawud. Mtume (s.a.w.) aliingia bustani ya mtu wa Ansari, akamkuta ngamia. Ngamia alipomwona akalia, machozi yakamtoka. Mtume akamfuta nyuma ya masikio mpaka akatulia. Kisha akauliza, mwenye ngamia huyu ni nani? Kijana mmoja akajitokeza. Akaambiwa amche Allah kwa mnyama huyu aliyemilikishwa, kwani mnyama amemshitakia kwamba anamshindisha njaa na kumchosha kwa kazi.

Je, aliulizwa amezaliwa mwezi gani? Aliulizwa mwenyewe ni nani. Mnyama akiharibika tabia, swali la kwanza kwa mujibu wa Sunna linamwendea mwenye mnyama. Na ndiyo maana nyota inapendwa! Nyota haitudai chakula, haitudai dawa, haitudai kusimamia watoto wetu. Ukisema "ni nyota yake", wewe mwenyewe umetoka mikono mitupu na safi. Lakini siku ya Kiyama haitaulizwa nyota. Yule mwanamke aliyemfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie, Mtume (s.a.w.) ametueleza kwamba aliingia Motoni kwa sababu yake. Hakuna udhuru wa nyota uliotajwa pale.

PAKA WA NNE

Sasa niwaeleze kwa nini sikucheka.

Paka wa nne alichukuliwa na kijana wetu wa mtaani aliyekuwa anakwenda machimboni, upande wa Geita. Kambini kwao panya walikuwa wanamaliza unga. Kijana mwema, anaswali. Baada ya miezi kadhaa akanipigia simu, tukasalimiana, nikamuulizia paka. Akasema: "Shehe, paka tumeshamwua. Duara halitoi. Mtaalamu amekuja akauliza paka kazaliwa lini, nikamwambia Novemba. Akasema nyota yake nzito, inafukuza dhahabu." Alikuwa anacheka. Nami nikacheka. Nikamwambia, nyinyi watu wa machimbo bwana! Tukaendelea na mazungumzo mengine.

Nilicheka, ndugu zangu. Nikiwa imamu wa watu. Sikusema hata neno moja.

Miezi miwili baadaye kijana akapiga tena, usiku, hasemi vizuri, analia. Duara liliendelea kutotoa. Mtaalamu akarudi. Paka hakuwepo tena wa kulaumiwa, akatafutwa mwingine. Akanyooshewa kidole mama mtu mzima aliyekuwa anawapikia ugali pale kambini, kwa sababu macho yake ni mekundu. Macho ya mtu aliyekaa mbele ya moshi wa kuni miaka 30 yatakuwa rangi gani? Usiku watu wakachoma kibanda chake. Aliponea chupuchupu, akatoka na nguo aliyovaa. Jambo lake limefika polisi, na yeye yuko kwa nduguze, hai, alhamdulillah.

Mnaoishi Shinyanga, Geita, Simiyu na Mwanza hamhitaji niwaeleze zaidi. Mnajua wangapi tumewazika. Mnajua vikongwe waliouawa kwa macho mekundu. Mnajua ndugu zetu wenye ualbino waliokatwa viungo, watu zaidi ya 70 waliouawa nchini katika miaka ile, mpaka Januari 2015 Serikali ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Ule moto haukuanza kwa panga. Ulianza kwa wazo dogo: kwamba kiumbe fulani, kwa rangi yake, kwa macho yake, kwa siku yake ya kuzaliwa, ana ubaya ndani yake ambao mtaalamu anaweza kuusoma.

Waarabu wa Jahiliya walikuwa nalo wazo hilo. Waliogopa bundi, waliogopa mwezi wa Safar, waliogopa ndege akiruka kushoto. Mtume (s.a.w.) akayafuta yote: hakuna mkosi wa ndege, hakuna mkosi wa bundi, hakuna mkosi wa Safar. Leo bundi akilia juu ya paa hapa kwetu, mtu anaamka kutafuta mchawi. Bundi anatafuta panya tu.

Anayeamini paka ana nyota mbaya na anayeamini bibi ana macho mabaya wamesoma darasa moja. Mmoja yuko darasa la kwanza, mwenzake amemaliza. Kama ningemkanya kijana yule siku ya paka, labda siku ya yule mama angesimama mbele ya wenzake akasema hapana. Allah anisamehe.

TUFANYE NINI

1. Mnyama wako akibadilika tabia, anza na haya: amekula? Ana maji? Ana jeraha au ugonjwa? Ana watoto anaowalinda? Nani amemshika, na amemshikaje? Bibi Aisha (r.a.) alipompanda ngamia mgumu akawa anamzungusha kwa nguvu, Mtume (s.a.w.) alimwambia ashikamane na upole. Dawa ya ngamia mgumu ilikuwa upole.

2. Mbwa au paka mpole akiwa mkali ghafla, akang'ata vitu hovyo, mate yakamtoka, akashindwa kumeza, au mkali akawa mnyonge wa kujificha, usiulize mtandao. Huenda ni kichaa. Usimguse. Mwite afisa mifugo. Aliyeng'atwa aoshwe kwa maji na sabuni dakika 15 na afike hospitali siku hiyo hiyo. Ugonjwa huu dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini chanjo ikiwahi, inamlinda kwa idhini ya Allah.

3. Wenye mbwa wa kulinda ng'ombe, shamba au nyumba, ambao sheria yetu imewaruhusu, wachanjeni kila mwaka. Kampeni ya chanjo ikija mtaani msiwafiche. Najisi ya mate yake ina namna yake ya kutwaharishwa, haiondoi haki yake ya chakula na chanjo.

4. Paka usimtupe bondeni. Kama huwezi kumtunza, mtafutie wa kumtunza. Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzungukia majumbani mwetu. Na nchi yetu pia ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, haikuachwa kila mtu afanye atakavyo.

5. Mzazi, angalia simu ya mwanao. Usimpige. Muulize kama binti yule alivyouliza, mweleze nani aliyeumba nyota na nani aliyemuumba paka.

6. Na wewe uliye machimboni: siku mtaalamu atakapoanza kuuliza nyota ya kuku, mbuzi au paka, ondoka hapo, na uwaambie wenzako kwa nini umeondoka. Usisubiri afike kwa mtu.

Binti alinijia tena juzi. Akaniuliza: "Ustadhi, kwa hiyo paka wetu ana nyota gani?" Nikamwambia, hana nyota, mwanangu. Ana Mola, na ana wewe. Ulimpa maji leo? Akaondoka mbio.

Ewe Allah, tusafishie itikadi zetu. Utupe huruma kwa viumbe Vyako visivyoweza kusema. Uwalinde wazee wetu na ndugu zetu wanyonge katika ardhi hii, na utusamehe tulipocheka mahali tulipotakiwa kukataza. Amin.

Wallahu a'lam.

Ukiona lina faida, mfikishie mwenzako, hasa aliye machimboni.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.
Ndugu yenu, Shinyanga.